Reli ya kilomita 30: kwa nini tawi la Busia lisingelipa

Chukua ramani ya mpaka wa Kenya na Uganda, uchore reli kutoka Tororo hadi Busia, kama kilomita 30. Ibunie historia: ilifunguliwa 1930, ikabeba pamba, ikafa watu wakiitazama. Anayeijua nchi hii hatashtuka. Reli kuu iliingia Uganda kupitia Malaba na Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920, na tawi la Tororo, Mbale hadi Soroti likafunguliwa 1929, pamba ikiwa shehena iliyolengwa. Upande wa Kenya, tawi la kilomita 69 lilitoka Kisumu mwanzoni mwa miaka ya 1930 likaishia Butere. Busia ikabaki katikati, haina hata stesheni.

Tuijenge basi kwenye karatasi. Reli ya kisasa (SGR) ya Mombasa hadi Nairobi, kilomita 472, iligharimu takribani shilingi bilioni 327 za Kenya, yaani milioni 693 kwa kilomita. Kwa bei hiyo, tawi letu ni bilioni 20.8. Tukirudisha mtaji kwa miaka 30 bila riba (mkopeshaji wa namna hiyo simjui), kila mwaka tunadaiwa milioni 693.

Mapato je? Tuseme nauli ni shilingi 10 kwa kila tani kwa kila kilomita. Tani moja kutoka Tororo hadi Busia inaleta shilingi 300. Kulipa mtaji peke yake kunahitaji tani milioni 2.3 kwa mwaka, au tani 6,300 kwa siku. Treni ya mabehewa 20, kila behewa tani 40, inabeba tani 800. Zinahitajika treni nane kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Na hapo dereva hajalipwa, wala dizeli haijanunuliwa.

Mtu atasema tatizo ni bei ya SGR, tujenge reli nyembamba ya zamani. Haya, tuifanye reli ya bure kabisa. Bado kuna kupakia na kupakua. Tukikadiria shilingi 200 kwa tani kila upande, ni 400, na nauli yenyewe ni 300. Mteja analipa zaidi kwa mzigo uliosimama kuliko kwa mzigo unaotembea. Kwa safari ya kilomita 1,000, nauli ingekuwa 10,000 na zile 400 zingekuwa asilimia 4 tu. Lori halina shida hiyo: linapakiwa ghalani na kupakuliwa mlangoni kwa mnunuzi.

Busia yenyewe inaongeza ugumu. Saruji ya Tororo ni mzigo wa treni hasa: mzito, wa aina moja, unatoka sehemu moja. Biashara ya Busia kwa sehemu kubwa ni magunia ya mahindi na maharage, trei za mayai, samaki, kila mmoja na chake. Mzigo huo unavuka kwa baiskeli, pikipiki na yale magari ya magurudumu matatu yanayoendeshwa na watu wenye ulemavu. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa Februari 2018, kiliwafaa kuliko behewa lolote, kwa sababu gharama yao kubwa ilikuwa foleni.

Reli fupi iliyofaa eneo hili ilikuwa ya Jinja hadi Namasagali, ya 1912. Maporomoko ya Nile yalizuia meli, hivyo reli ikaunganisha meli za Ziwa Victoria na zile za Ziwa Kyoga. Mwenye mzigo alivumilia kupakua mara mbili kwa kuwa njia nyingine hakuwa nayo. Reli ya Soroti ilipokuja, akaipata.

Hesabu hii ina mteja mkubwa kuliko Busia. Oktoba 2024 Uganda ilisaini mkataba na kampuni ya Yapi Merkezi wa SGR ya Malaba hadi Kampala: kilomita 272 kwa yuro bilioni 2.7, karibu milioni 10 kwa kilomita. SGR ya Kenya ilifika Naivasha mwaka 2019. Ile ya Uganda ikikamilika kabla ya hiyo ya Kenya kufika Malaba, mzigo utashushwa Naivasha kwenye reli ya milimita 1,000, kisha ushushwe tena Malaba kuingia ya 1,435. Kwa nauli yetu ya kukadiria, safari ya Malaba hadi Kampala ni shilingi 2,720 kwa tani, na kupakia na kupakua 400 ni karibu asilimia 15 juu yake, kabla ya kuhesabu Naivasha.