Je, Wajua? Ubalozi Mdogo wa Marekani Unguja

Zanzibar ilikuwa na balozi mdogo wa Marekani tangu mwaka 1837, miaka minne kabla Uingereza haijampeleka wa kwake, Atkins Hamerton. Haya ni machache katika historia ya ubalozi huo.

Je, wajua kuwa yote yalianzia Muscat? Tarehe 21 Septemba 1833, Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar, alifunga mkataba na Edmund Roberts, mfanyabiashara wa New Hampshire aliyetumwa na Rais Andrew Jackson. Meli za Marekani ziliruhusiwa kuuza na kununua katika bandari zote za Sultani kwa ushuru wa asilimia 5 ya shehena inayoshushwa. Bunduki na baruti ziliwekewa sharti lake: kisiwani Unguja, mnunuzi ni serikali peke yake.

Je, wajua nani aliwagharimia mabaharia waliovunjikiwa chombo? Ni Sultani. Mkataba ulimtaka awalishe na kuwahifadhi Wamarekani hao kwa mali yake, wala asidai fidia. Sharti hilo halikukawia kupata kazi. Mwaka 1835 Roberts alikuwa akirudi Muscat na mkataba ulioidhinishwa, manowari yake Peacock ikapanda mwamba karibu na kisiwa cha Masirah. Sayyid Said akatuma watu na vyombo kuwasaidia.

Je, wajua kuwa balozi alikuwa pia hakimu? Wamarekani wakigombana wao kwa wao katika ardhi ya Sultani, aliyeamua ni balozi wao. Hakuweza kukamatwa, wala mali yake kushikwa. Akivunja sheria za nchi, Sultani alipaswa kumshtaki kwa Rais wa Marekani, naye Rais ndiye amwondoe.

Je, wajua kuwa balozi wa kwanza aliishi kwa biashara? Richard Waters, mwenyeji wa Salem, Massachusetts, hakulipwa mshahara wa ubalozi. Alikuwa wakala wa wafanyabiashara wa kwao, akashirikiana kwa karibu na Jairam Shivji, Mhindi aliyekodi forodha ya Zanzibar. Wafanyabiashara wengine walilalamika kwamba wawili hao wamelishika soko. Salem ilitaka pembe za ndovu, ngozi na sandarusi ya kutengenezea vanishi. Meli zake zilileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa, merikani, ambacho misafara ya bara ilikitumia kama fedha. Mwandishi wa habari Henry Stanley, alipofikia kwa balozi Francis Webb mwaka 1871 kabla ya kwenda bara kumtafuta mvumbuzi David Livingstone, naye alinunua majora ya kitambaa hicho. Hata hivyo, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilikuwa vimekwisha kuipunguza pamba yao sokoni, na vitambaa vya kutoka Bombay vikapata nafasi.

Je, wajua kuwa Zanzibar nayo ilipeleka mjumbe? Tarehe 30 Aprili 1840, jahazi la Sayyid Said liitwalo Sultana lilitia nanga New York likiwa na pembe, karafuu, kahawa, tende na ngozi. Mjumbe alikuwa Ahmad bin Na'aman, na miongoni mwa zawadi zake kwa Rais Van Buren walikuwemo farasi wawili wa Kiarabu. Katiba ya Marekani haimruhusu Rais kujichukulia zawadi ya mfalme, kwa hiyo suala likapelekwa bungeni, na zawadi zikawa mali ya serikali. Sultana yenyewe ilifanyiwa matengenezo na jeshi la majini la Marekani bila malipo.

Je, wajua kuwa safari za anga ziliufufua ubalozi huo? Mwanzoni mwa karne ya 20, Zanzibar ikiwa chini ya himaya ya Uingereza, ubalozi ulifungwa. Ulifunguliwa tena mwaka 1961, Marekani ilipojenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya Mercury, mpango wake wa kupeleka watu angani. Mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vilivyomfuatilia.

Je, wajua kuwa wanadiplomasia wawili wa Marekani walioko Unguja walifukuzwa ndani ya mwaka mmoja? Siku chache baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, Marekani ikiwa haijaitambua serikali mpya, kaimu balozi Frederick Picard aliamriwa kuondoka. Kituo cha Mercury nacho kikafungwa mwaka huohuo. Januari 1965, Zanzibar ikiwa sasa sehemu ya Tanzania, ikawa zamu ya balozi mdogo Frank Carlucci. Mazungumzo yake ya simu na mwenzake wa Dar es Salaam yalichukuliwa kuwa njama dhidi ya serikali, wote wawili wakafukuzwa nchini. Marekani ikajibu kwa kumfukuza mwanadiplomasia wa Tanzania. Carlucci alikuja kuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani kuanzia 1987 hadi 1989.

Je, wajua ulifungwa lini? Mwaka 1979. Ulifunguliwa kwa ajili ya pembe na sandarusi, ukarudishwa kwa ajili ya anga, ukafungwa maslahi yalipopungua. Tangu hapo mambo ya Zanzibar hushughulikiwa na ubalozi wa Marekani ulioko Dar es Salaam.