Hesabu, Uchumi na Fedha: Ipi Iandamane na Ipi

Katika vyuo vikuu vya Marekani, ambako mwanafunzi aghalabu huruhusiwa kushika fani kuu mbili kwa pamoja, wapo vijana wasimamao baina ya hesabu, uchumi na fedha wasijue waoanishe ipi na ipi. Na wengine, kwa kudhani kwamba shahada ya fedha ndiyo iletayo utajiri, huiacha hesabu, ambayo kwa rai yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Dalili zipo. Louis Bachelier, aliyetoa mjini Paris mwaka 1900 risala yake juu ya mwendo wa bei sokoni, alikuwa mwanahesabu. Na Harry Markowitz, ambaye kwa makala yake ya mwaka 1952 aliwafunza watu kuipima hatari ya rasilimali zote kwa ujumla wake badala ya moja moja, alitumia elimu ya takwimu, akatunukiwa Nobeli mwaka 1990.

Basi anayetamani udaktari wa uchumi na aoanishe uchumi na hesabu, wala asiikimbie aljebra ya mistari, nadharia ya uwezekano, na lile somo zito la kuthibitisha misingi ya kalkulasi, ambalo wadahili hulitazama sana. Atakaye kazi ya benki mapema, uchumi na fedha zamtosha, ijapokuwa (tuseme kweli) fani hizo hukaribiana hata mengine husomwa mara mbili. Ama mwenye kuelekea bima, naye asiiache hesabu, kwani miongoni mwa mitihani ya mwanzo ya watakwimu bima wa huko, mmoja ni wa uwezekano mtupu.