Damu Inaporudi Baada ya Hedhi Kukoma

Leo tunalo neno kwa akina mama ambao hedhi yao imekwisha koma, na kwa waume na watoto wanaoishi nao. Ni jambo linalosemwa kwa kunong'onezana tu, na kwa sababu hiyo mama wengi hulibeba kimya kimya mpaka wakati mzuri wa kusaidiwa ukapita.

Kwa wanawake walio wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya kukoma kabisa huweza kupotea miezi miwili au mitatu, kisha ikarudi. Lakini mama akitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, hedhi yake imekwisha. Tangu hapo, damu yoyote itokayo ukeni si hedhi tena. Iwe nyingi au tone moja kwenye nguo, iwe nyekundu au ya rangi ya kahawa, iwe imetoka mara moja tu au baada ya kukutana na mume, ni ya kupelekwa hospitali.

Wengine hucheka wakasema ujana umerudi. Wengine hudhani wamerogwa. Na hapa kwetu iko sababu nyingine ya kujituliza, nayo ni kichocho. Kwa miaka mingi watu wa Kwale, hasa upande wa Msambweni, wamesumbuliwa na kichocho kipatikanacho katika mito na malambo ambamo tunafua na kuoga. Kichocho hutia damu katika mkojo, na kwa wanawake chaweza kuijeruhi hata njia ya uzazi. Basi mama akiona damu husema, "Ni kichocho tu," akameza dawa, akanyamaza. Pengine ni kichocho kweli. Lakini atajuaje, asipopimwa?

Tuseme lililo jema kwanza: mara nyingi chanzo si saratani. Hedhi ikiisha, ngozi ya ndani ya uke na kizazi huwa nyembamba na kavu, ikachubuka upesi. Pengine vinyama vidogo huota ndani ya kizazi. Ziko pia dawa ziwezazo kuleta damu. Hata hivyo, kati ya wanawake 10 wanaotokwa na damu namna hii, kama mmoja hukutwa na saratani ya kizazi. Wala hakuna awezaye kumtambua huyo mmoja kwa kumtazama usoni. Upande mwingine, kati ya kila wanawake 100 wa umri huu wenye saratani hiyo, zaidi ya 90 huwa wametokwa na damu. Kwa hiyo damu hiyo ni kama baragumu ya mlinzi, inayolia adui angali mbali. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, mara nyingi upasuaji wa kuondoa kizazi hutosha kumponya mama.

Iko pia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo nchini Kenya huwapata wanawake zaidi ya 5,000 kwa mwaka, na kuua zaidi ya 3,000. Chanjo yake kwa wasichana wa miaka 10 ilizinduliwa Mombasa Oktoba 2019, lakini mama zao haikuwafikia. Hao wanahitaji kupimwa. Na hata aliyepimwa mwaka jana akaambiwa yu salama, akiona damu sasa, na arudi.

Huko hospitali kuna nini cha kuogopa? Mama aanze katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, apate barua ya kwenda Hospitali ya Kwale au ya Msambweni. Ataulizwa hedhi ilikoma lini, damu ilianza lini, na anatumia dawa gani. Atatazamwa njia ya uzazi. Aweza kuomba atazamwe na mwanamke mwenzake. Atapigwa skeni ili kupima unene wa ngozi ya ndani ya kizazi, na pengine kipande kidogo cha ngozi hiyo kitachukuliwa kwenda maabara. Akitokwa na damu nyingi au akisikia kizunguzungu, asingoje kesho.

Injili yatusimulia habari za mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Wako wanaosema, "Matabibu walimshinda yule, basi sisi tuombe tu." Tuombe, ndiyo. Lakini Bwana hakumkemea kwa kuwaendea matabibu, na Luka, aliyeiandika habari hiyo pia, Paulo amtaja kuwa tabibu. Tena tuangalie: mama yule alikuja kwa kujificha, akagusa vazi kwa nyuma. Bwana hakumwacha aende zake kwa siri. Alimtaka ajitokeze, naye akaeleza kweli yote mbele ya watu, akaitwa binti. Ugonjwa ulimtoka, na aibu nayo ikamtoka.

Basi, mama, sema. Mwambie mumeo, au dada yako, au binti yako mkubwa. Nawe baba, usiulize kwa nini mama mzima anataka nauli ya hospitali. Mpe, na ikiwezekana mfuatane. Viongozi wa akina mama, litajeni jambo hili waziwazi katika mkutano wenu, na mkirudi nyumbani waambieni na majirani zenu Waislamu, maana ugonjwa huu haubagui dini.

Mungu awape ujasiri wa kusema na moyo wa kusaidiana. Kwaherini.