Jua na Rangi za Spirulina

Spirulina ni uzi mwembamba uliojisokota, mdogo kiasi kwamba umbo lake huonekana kwa hadubini tu. Hustawi katika maji ya magadi ambayo viumbe wengi hawayawezi, na Bonde la Ufa linalozizunguka wilaya za Mbulu na Hanang nchini Tanzania limejaliwa maziwa ya maji ya namna hiyo: Eyasi upande wa magharibi, Manyara upande wa mashariki, na Balangida chini ya Mlima Hanang, ambako watu huvuna chumvi maji yanapokauka. Wanasayansi huiweka spirulina katika kundi la bakteria wanaotumia mwanga, lakini wanaoifuga na kuiuza bado huiita mwani. Ndiyo chakula kikuu cha heroe wadogo, na uwaridi wa manyoya yao hutokana na karotini wanazozipata humo. Makinda huanguliwa wakiwa wa kijivu.

Ndani ya uzi huo mna rangi za aina tatu. Umbijani hunasa mwanga mwekundu na wa buluu. Fikosianini, yenye buluu ya kung'aa, hunasa mwanga wa rangi ya chungwa, wa nanomita 620 hivi, ambao umbijani huuacha mwingi upite. Kisha nishati hiyo huikabidhi kwa umbijani. Karotini, zenye unjano, husaidia kunasa mwanga, lakini kazi yake kubwa ni kuikinga seli pale mwanga unapozidi.

Mwanga ukiwa hafifu, seli huongeza umbijani na fikosianini ili kisipotee hata kidogo kinachopatikana. Ukiwa mkali, huzipunguza, sehemu ya karotini ikapanda, na bwawa likageuka kuwa la kijani cha manjano. Kwa hiyo kijani kilichokolea si lazima kiwe dalili ya mavuno mengi. Pengine mwani una njaa ya mwanga. Anayeuza fikosianini kwa ajili ya kupaka chakula rangi hutaka rangi nyingi katika kila gramu. Anayeuza unga hutaka uzito. Mambo hayo mawili hayapatikani kwa mwanga uleule, na mfugaji hana budi kuchagua. Hata taa zina tofauti: katika majaribio ya maabara, taa nyekundu zimekuza spirulina haraka, ilhali za buluu zimeongeza fikosianini katika seli lakini zikachelewesha ukuaji.

Mbulu na Hanang ziko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, hivyo mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Kinachosumbua katika nyanda hizo za juu ni baridi. Spirulina hupenda maji ya nyuzijoto 35 hadi 37. Asubuhi ya Julai maji yakiwa baridi na jua likawaka bila wingu, seli hunasa mwanga kuliko zinavyoweza kuutumia, na ziada hiyo huharibu mitambo yake ya usanisinuru. Kitalu nyumba cha nailoni hupasha maji joto, na neti ya kivuli hupunguza makali ya jua hadi maji yapate moto.

Bwawa lililopandwa upya ndilo linalohitaji kivuli zaidi, maana nyuzi ni chache na kila mmoja hupigwa na jua moja kwa moja. Kipimo cha wingi wa mwani bwawani ni rahisi: kisahani cheupe kwenye ncha ya fimbo huzamishwa taratibu mpaka kisionekane. Kikipotea kwenye sentimita mbili au tatu, mwani umeshakuwa mzito na unavunwa. Mabwawa huwa na kina cha sentimita 15 hadi 30, na lazima yakorogwe ili nyuzi zilizo chini nazo zipande juani.

Si mwani wote hujibu mwanga kama spirulina. Dunaliella ya maji ya chumvi kali, ikipigwa na jua na kunyimwa naitrojeni, hugeuka ya chungwa, na beta-karotini huweza kufikia asilimia 10 ya uzito wake mkavu.

Mavuno ya spirulina nayo hukamuliwa kwenye kitambaa na kuanikwa kivulini penye upepo, kwani fikosianini huharibiwa na joto na jua, na spirulina iliyoachwa juani hupauka.