Kliya ya Kiwandani Ndiyo Mtaji: Kazi ya Rangi za Magari Kasulu na Kibondo

Gari lililotumika Japani linapofika Kasulu, mkoani Kigoma, limeshabeba kodi nzito. Juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18 kuna ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, asilimia 30 kwa lililopita miaka 10. Ndiyo maana mwenye gari hafikirii kubadilisha haraka. Analitunza alilo nalo, na siku ya kuliuza, mnunuzi hutazama rangi kabla hajafungua boneti. Hapo ndipo fundi rangi anapopata riziki.

Rangi huku haichoshwi na umri peke yake. Kasulu na Kibondo ziko kati ya nyuzi 3 na 5 kusini mwa ikweta, mita zaidi ya 1,000 juu ya usawa wa bahari, na jua la hapo huila kliya, lile tabaka la juu linaloonyesha rangi iliyo chini yake. Kiangazi huja vumbi jekundu. Lakini uharibifu mkubwa, kwa maoni yangu, hufanyika pale gari linapooshwa: vumbi hufutwa kwa kitambaa kikavu hadi kliya inapata mikwaruzo, kisha sabuni ya unga huondoa nta iliyobaki.

Kliya ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 50 tu, pungufu ya unywele wa kichwani. Kila anayesugua anapunguza akiba hiyo, na haiongezeki. Fundi makini humwaga maji kwanza kwenye boneti iliyopauka. Rangi ikikolea palipolowa, kliya ingalipo: ataosha, atapitisha msasa wa maji namba 2000 penye mikwaruzo mizito, kisha kompaundi kwa mashine, polishi, na nta mwishoni. Ikiwa imeanza kubanduka magamba, polishi haitairudisha. Ni kupuliza upya.

Gereji nyingi hukimbilia kupuliza kwa sababu bili yake ni kubwa. Ni hesabu mbaya. Puti, praima, tina na kliya hula faida, gari hukaa siku kadhaa uani, na mnunuzi akiona rangi imerukia mipira ya madirisha anahisi gari liliwahi kupata ajali. Bei hushuka, na jina la gereji pia.

Nyeupe ina kisa chake. Toyota yenyewe imekiri, Marekani na Australia, kwamba baadhi ya magari yake yenye nyeupe ya namba 040 hubanduka kwa sababu jua hudhoofisha mshikamano wa matabaka ya chini. Namba hiyo huandikwa kwenye kibati cha gari. Fundi aisome kabla ya kutaja bei. Na nyeupe huku ni nyingi. Kambi za wakimbizi, Nyarugusu, Nduta na Mtabila iliyofungwa mwishoni mwa 2012, zilileta Land Cruiser za mashirika, ambazo zikizeeka huuzwa kwa zabuni. Mlangoni hubaki umbo la nembo iliyobanduliwa, mbichi katikati ya bati lililopauka. Kulifuta bila kumaliza rangi ni kazi ya fundi hodari.

Umeme wa gridi ya taifa, uliofika mkoani Oktoba 2022, umewapunguzia wenye kompresa mashaka ya majenereta. Lami ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260 hivi, inapunguza vumbi, lakini magari yatakwenda kasi na kokoto zitachubua boneti. Kazi ya kuziba madoa madogo itaongezeka.

Linalonisumbua ni mapafu ya vijana wanaopuliza. Kigumushi cha kliya ya kisasa kina isosayaneti, kemikali inayoweza kuleta pumu ya kudumu, na kitambaa kilichofungwa puani hakiizuii. Barakoa yenye mpira wa hewa safi ipo sokoni. Gereji inunue hiyo kabla ya kununua kompresa ya pili.