Jiwe la 1511 na Rekodi Nyingine za Kelingi

Katika jumba la makumbusho mjini Stirling, Uskoti, kuna jiwe lililochongwa mwaka 1511 juu yake. Hilo ndilo kongwe kuliko mawe yote ya mchezo wa kelingi yanayojulikana. Waskoti walikuwa wakiyasukuma mawe ya aina hiyo kwenye mabwawa yaliyoganda majira ya baridi, na rekodi nyingi za mchezo huu bado zinaanzia kwenye jiwe lenyewe.

Siku hizi jiwe halizidi kilo 19.96. La zamani lililo zito kuliko yote, linaloitwa Jiwe la Jubilii, lina kilo 53 hivi, na linatunzwa na chama cha kelingi cha Uskoti kilichoundwa Edinburgh mwaka 1838. Kulisukuma tu kulihitaji mtu wa miraba minne, sembuse kulielekeza.

Mawe ya Olimpiki hutoka kwenye kisiwa kimoja kidogo kisichokaliwa na watu, Ailsa Craig, kwenye bahari ya magharibi mwa Uskoti. Sidhani kuna mchezo mwingine mkubwa unaotegemea sehemu ndogo hivyo ya dunia. Kampuni ya Kays, iliyoanza 1851, huchukua huko graniti za aina mbili. Moja ina chembechembe zilizoshikana mno hata maji hayapenyi, kwa hiyo hutumika upande wa chini unaogusa barafu. Nyingine huvumilia kugongana, nayo hufanywa mwili wa jiwe. Baruti hairuhusiwi kisiwani, kwani ndege wa baharini hutaga huko.

Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa. Timu mbili za watu wanne hupokezana, kila mchezaji akisukuma mawe mawili kuelekea duara lenye upana wa mita 3.66. Raundi ikiisha, timu moja tu ndiyo hupata pointi: yenye jiwe lililo karibu zaidi na kitovu, na kila jiwe lake linalolishinda jiwe bora la wapinzani huhesabiwa. Kwa hiyo pointi nyingi kabisa katika raundi moja ni nane, na wapo waliocheza maisha yao yote bila kuziona.

Utamu uko njiani. Kabla ya mechi barafu hunyunyiziwa matone ya maji yanayoganda na kuwa vipele vidogo, na jiwe hupita juu ya vipele hivyo. Mchezaji huliachia akilizungusha kidogo sana kwa mkono wake. Jiwe husafiri kwa sekunde 25 hivi, na linapopunguza mwendo ndipo linapopinda. Wenzake wawili hufagia mbele yake kwa nguvu zote ili lifike mbali zaidi na lisipinde mapema, huku nahodha akipiga kelele kutoka upande wa pili. Ukisukuma bilauri juu ya meza huku ikizunguka, hupinda upande ulio kinyume na mzunguko wake, lakini jiwe la kelingi hufuata mzunguko wake. Wanasayansi bado wanabishana kwa nini.

Rekodi ninayoipenda kuliko zote ni ya umri. Carl August Kronlund wa Uswidi alipata medali ya fedha huko Chamonix mwaka 1924 akiwa na miaka 58, na hakuna mtu mzee kuliko yeye aliyewahi kupata medali katika Olimpiki ya majira ya baridi. Dhahabu ilichukuliwa na Uingereza, na ndani ya timu hiyo alikuwamo Robin Welsh, mwenye miaka 54. Kamati ya Olimpiki ilithibitisha rasmi medali hizo mwaka 2006, miaka 82 baadaye. Mvumilivu hula mbivu, ila washindi hawa hawakuila: wote walikuwa wameshafariki.

Kwa mataji ya dunia ya wanaume, nahodha anayeongoza ni Niklas Edin wa Uswidi, mwenye saba kati ya 2013 na 2024. Jennifer Jones wa Kanada aliipata dhahabu ya Olimpiki ya Sochi mwaka 2014 bila kufungwa mechi hata moja, na hakuna nahodha mwanamke aliyemtangulia kwa hilo. Afrika imechelewa kuingia: Nigeria ndiyo iliyotangulia kujiunga na shirikisho la dunia, mwaka 2018.

Mashindano makubwa kuliko yote yalifanyika Winnipeg, Kanada, mwaka 1988, kwa timu 1,280. Lakini yanayosubiriwa kwa muda mrefu zaidi ni yale ya Uskoti, kaskazini dhidi ya kusini, yanayochezwa nje juu ya ziwa. Barafu lazima iwe nene vya kutosha kubeba maelfu ya watu pamoja na mawe yao. Mara ya mwisho ilikuwa Februari 1979, Lake of Menteith. Mwanzoni mwa 2010 ziwa liliganda tena na maandalizi yakaanza, kisha mashindano yakafutwa kwa hofu ya usalama. Tangu hapo hayajachezwa.