Kusahau baada ya kiharusi, na kutoelewa

Mzazi aliyepata kiharusi anapoanza kumuulizia mtu mliyemzika zamani, usiseme haraka kuwa ni uzee. Jiulize: amesahau tu, au haelewi tena?

Kwa Vernon Madison wa Alabama, Marekani, swali hilo lilikuwa la kufa na kupona. Alihukumiwa kifo kwa kumuua askari polisi mwaka 1985. Akiwa gerezani, mwaka 2015 na 2016, alipigwa na viharusi. Macho yalififia, ulimi ukawa mzito, akashindwa kutembea bila msaada. Mawakili wake walisema halikumbuki kosa lenyewe. Aliomba mama yake apewe habari za ugonjwa wake, na mama alikwishafariki.

Tangu 1986, Mahakama ya Juu ya Marekani inakataza kumuua mfungwa aliyerukwa na akili. Mwaka 2019 ilisema kusahau kosa pekee hakumwokoi mtu. Kinachopimwa ni kama anaelewa kwa nini anaadhibiwa. Lakini, na hapa naona ilisema la maana kwa kila familia, akili iliyoharibiwa na kiharusi yaweza kukosa uelewa huo kama ya mwenye kichaa. Madison alifariki gerezani mwaka 2020, adhabu haijatekelezwa.

Nyumbani usimpime mgonjwa kwa majina na tarehe tu. Mwulize kwa nini anameza dawa, au kwa nini jiko lizimwe. Akishindwa, mweleze daktari ulichoona na kilianza lini. Presha nayo ipimwe, maana kiharusi kingine huongeza madhara.